Mikono Isiyostaafu

Alasiri, jua likisha kuyavuka mapaa ya bati ya Ngamiani na kivuli cha mwarobaini kikaiangukia baraza ya jirani yangu, husikika mlio ambao mgeni wa mji huu wa Tanga huweza kuudhania kuwa manyunyu ya mvua juu ya ubao mkavu. Ni kete za mkomwe zinazogawiwa, moja baada ya moja na kwa haraka, katika mashimo ya bao. Wazee wawili wamekaa kitako wakikabiliana, magoti yao yakikaribia kugusana. Mmoja amevaa kofia ya viua iliyofuliwa hata ikawa na rangi ya tui, wa pili amejifunga kikoi na kuvaa fulana. Watazamaji watano au sita wamewazunguka, na kila mmoja wao anaujua mchezo kuliko wachezaji wenyewe, kama ilivyo ada ya watazamaji ulimwenguni kote. Muuza kahawa amekwisha kupita mara mbili. Hapana anayeuliza saa.

Mzee mwenye kikoi anacheza kwa mkono wa kushoto. Mkono wake wa kulia umelala juu ya paja tangu alipopatwa na kiharusi, mwaka wa tatu sasa, na huu wa kushoto, ambao umri wake wote ulikuwa msaidizi tu wa mwenziwe, umejifunza katika uzee kuchota kete, kuzikumbatia kiganjani, na kuziachia kwa kidole gumba, moja kila shimo. Mwanzoni zilikuwa zikimponyoka na kutawanyika sakafuni, watoto wakizikimbilia na kumrudishia. Hapana aliyemharakisha siku zile, wala hapana anayemhurumia leo, maana jana aliwafunga watu watatu kwa mfululizo. Mimi ni mmoja wa hao watatu.

Nina neno moja la kusema katika makala haya, nalo nimelipata kwa gharama: ya kwamba ukunjufu wa moyo hauamrishwi, bali hufuata nyuma ya mikono na miguu iliyo katika shughuli ipendwayo, na ya kwamba shughuli hiyo sharti ipandwe mapema kama mnazi, kwa kuwa hapana mtu aliyepanda mnazi asubuhi akanywa dafu lake jioni.

Lugha yetu inalo jina la shughuli ya namna hiyo, nalo ni uraibu. Wazee wetu walilitumia neno hili kwa tambuu, tumbaku na kahawa, bi maana vitu ambavyo havimshibishi mtu wala havimvishi, lakini akivikosa huona siku yake imepungua kitu. Baadaye tukalipanua likachukua michezo, ufumaji, uvuvi wa ndoana, ushairi, ufugaji wa njiwa, na kila jambo alifanyalo mtu katika faragha yake bila ya kuamriwa na bila ya kulipwa. Naliona kuwa neno adilifu, maana linaonya na kusifu kwa wakati mmoja: uraibu hukamata. Basi la hekima ni kuchagua mapema kitakachokukamata.

Kiinua mgongo na mgongo wenyewe

Nilistaafu nilipotimiza miaka 60, umri ambao sheria ya utumishi wa umma wa Tanzania humtaka mtu aondoke, ingawa yeye mwenyewe akipenda huweza kuomba kuondoka tangu akiwa na miaka 55. Niliagwa kwa hotuba nzuri, nikapigwa picha, nikakabidhiwa saa ya ukutani, zawadi ambayo sikuitambua dhihaka yake hata baadaye, kwani mtu asiye na pa kwenda saa za nini? Kiinua mgongo nilikipata, nacho kiliinua paa la nyumba na kulipa karo ya mjukuu, na kwa hayo nashukuru. Lakini mgongo wenyewe ulibaki umejikunja kitini.

Juma la kwanza lilikuwa tamu. Nililala hata jua likapanda, nikanywa chai ya pili, nikasoma gazeti mpaka matangazo ya minada. Mwezi wa tatu nilikuwa mtu mwingine. Nilisikiliza taarifa ya habari ile ile mara tatu kwa siku, nikikasirishwa nayo mara zote tatu. Nikawa mkaguzi wa chumvi katika mchuzi, msimamizi wa mbuzi wa jirani, hakimu wa wajukuu, na mlalamikaji wa kila kiungo cha mwili wangu, kwa maana mtu asiye na la kufanya husikiliza magoti yake mchana kutwa, na magoti nayo, yakipata msikilizaji, hayaishiwi na maneno. Siku moja nilimweleza mke wangu namna bora ya kupanga sufuria zake. Hakuinua uso kutoka katika ukili aliokuwa akiusuka. Alisema, kwa sauti ya upole iliyozidi ukali wowote: "Bwana wangu, nyumba hii nimeiendesha miaka thelathini na minane bila ya karani."

Nilitoka nje kwa hasira, nikakaa kizingitini. Jirani yangu alikuwa akipanga kete zake. "Shekhe," akaniita, "hasira hizo zitachacha. Njoo ufungwe."

Nikaenda, nikafungwa. Nikarudi kesho yake, nikafungwa tena. Siku ya tatu, nilipokuwa natafuta viatu vyangu ili niwahi baraza, ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi sikuwa nimeyakumbuka magoti.

Somo la kete

Kwa wasomaji ambao hawakupata bahati ya kukua katika miji ya bao, nieleze kidogo. Bao letu lina mashimo 32, safu nne zenye mashimo manane kila moja, na kete 64. Kila mchezaji humiliki safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kete 32. Lakini haziweki zote ubaoni. Hupanga 10 tu: sita katika shimo kuu liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kuumeni kwa nyumba hiyo, 22 zilizobaki ni akiba yake. Katika hatua ya kwanza, iitwayo namua, kila zamu huingiza ubaoni kete moja kutoka katika akiba, akitafuta kula kete za mwenziwe zilizokabiliana na zake na kuzipanda upande wake mwenyewe. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, imelala, na zamu imekwisha. Akiba inapomalizika, mchezo huingia katika hatua ya pili, nayo huitwa mtaji: hapana tena kete ya kuongeza, kila mtu hucheza kwa zile alizo nazo ubaoni. Anayemalizikiwa na kete zote za safu ya mbele ameshindwa.

Nilicheza majuma kadhaa kabla ya kuiona maana ya majina hayo mawili, na nilipoiona nilicheka peke yangu hata watu wakanitazama. Kwani maisha ya mtumishi ni yepi kama si hayo? Miaka thelathini na kitu ananamua, kila mwisho wa mwezi kete moja ikiingia kutoka ghalani. Kisha ghala likakauka, naye akaambiwa acheze mtaji. Mimi nilikuwa nimedhani ya kwamba akiba ikiisha mchezo umekwisha. Kumbe wajuzi wa bao hupenda hasa hatua ya pili, kwa sababu ndipo mashimo yanapokuwa na uzito, ndipo mkupuo mmoja unapoweza kulizunguka bao na kurudi na kula tena na kuzunguka tena, hata mtazamaji akapotewa na hesabu. Ila mtu hucheza mtaji kwa alichokipanda katika namua. Aliyepanda shimo moja tu maisha yake yote, nalo ni ofisi, ataona tabu.

Bao si mchezo wa jana wala si mchezo wa wajinga. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alilitungia shairi. Mwalimu Julius Nyerere, aliyetuachia neno kung'atuka na mwaka 1985 akalitimiza kwa vitendo, alikuwa mpenzi wa bao. Linachezwa Unguja na Pemba, Lamu na Mombasa, Bara yetu, Visiwa vya Ngazija, hata Malawi, ambako hulitamka bawo. Mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, alikwenda Zanzibar kuwachunguza mabingwa wa huko, na mwaka 1995 akatoa katika Chuo Kikuu cha Leiden tasnifu juu ya umahiri wao na mipaka ya akili ya mwanadamu. Bingwa wa bao huyahesabu kwa macho, pasi na kugusa kete hata moja, mazunguko ambayo mimi na wewe tungehitaji kalamu na karatasi, na huyahesabu huku watu wakimpigia kelele masikioni.

Lakini faida niliyoiona mimi haikuwa katika hesabu. Katika bao, mtu hushindwa hadharani, kila siku, mbele ya watu wanaomjua, kisha huambiwa, "Panga." Neno hilo moja, panga, lilinifundisha stahamala ambayo hotuba nyingi hazikunifundisha. Asiyekubali kushindwa si mshindani, husema watu wetu. Nami naongeza kuwa hawi pia jirani mwema, wala mume mwema, na hasa hawi mzee mwema, kwa sababu uzee wenyewe ni mlolongo wa kushindwa kudogo kudogo: leo jicho, kesho jino, kesho kutwa ngazi ya msikiti. Aliyezoea kuambiwa "Panga" hupanga tena kwa kete zilizosalia.

Mtembezi na miguu yake

Methali yetu husema kwamba mtembezi hula miguu yake. Walioitunga walimkusudia mzururaji asiye na kazi wala matilaba, na kwa huyo naikubali; lakini siku hizi nimeona watu wengi wakiifanya hoja ya kukaa kitako, nami nadhani imefika wakati wa kumtetea mtembezi, kwa kuwa mkaaji hula zaidi ya miguu.

Mwaka 1953 jarida la tiba liitwalo Lancet, la Uingereza, lilichapisha uchunguzi wa Jeremy Morris na wenzake juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya mjini London. Katika kila basi walikuwamo watu wawili waliovaa sare ya namna moja na kuvuta moshi wa barabara ile ile: dereva, aliyekaa siku nzima, na mkusanya nauli, aliyepanda na kushuka ngazi mara nyingi kabla ya jioni. Ikaonekana kuwa wakusanya nauli walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva. Morris hakuridhika upesi, na hilo ndilo linalonipendeza kwake. Miaka mitatu baadaye alizifuata kumbukumbu za sare zao, akapima viuno vya suruali, akaona kwamba madereva walikuwa wanene zaidi wa kiuno. Basi akakiri kuwa huenda watu wenyewe hawakuwa sawa. Hata hivyo, tafiti nyingi zilizofuata ziliithibitisha rai ya asili, na leo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, humshauri mtu mzima ajishughulishe kwa nguvu ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa juma, na aliyetimiza miaka 65 aongeze, walau siku tatu kwa juma, mazoezi ya kuimarisha misuli na kumfanya asiyumbe, ili asianguke.

Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Nusu saa ni mwendo wa baiskeli yangu, pasi na haraka, kutoka Ngamiani hadi Raskazone na kurudi, nikipunga upepo wa bahari na kuwaamkia watu njiani. Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani, ardhi yake ni tambarare na barabara zake zimenyoka. Ilikuwa aibu yangu kwamba Phoenix yangu ilikuwa imening'inia bandani miaka sita, mnyororo umeota kutu, tairi zimelala. Fundi wa pembeni mwa soko aliitazama kama tabibu atazamavyo mgonjwa aliyecheleweshwa. "Mzee," akasema, "hii haikuharibiwa na matumizi. Imeharibiwa na mapumziko." Alikuwa anasema juu ya baiskeli, nami niliyatia moyoni kwa mambo mengine.

Sikuanza kwa ushujaa. Siku ya kwanza nilifika Bombo nikashuka, nikaiburura baiskeli mpaka nyumbani huku nikijisingizia pancha. Baada ya mwezi nilikuwa nafika baharini. Waogeleaji wa asubuhi wa Raskazone, baadhi yao wenye mvi kuliko zangu, hunikaribisha majini kila siku, nami kila siku nawajibu inshallah. Uraibu mmoja kwa wakati mmoja.

Ukili wa mke wangu

Nimeyasema ya baraza, lakini nitakuwa dhalimu nikiishia hapo, kwa kuwa baraza ni ya wanaume, na mara nyingi wakati wa kustarehe wa mwanamume hununuliwa kwa kazi ya mwanamke. Mke wangu amekuwa akisuka mikeka tangu kabla sijamwoa. Huchambua ukindu, huutia rangi katika sufuria ambayo hairuhusiwi kupikiwa kitu kingine, huuanika, huusuka ukawa ukili mrefu mwembamba, kisha huushona upande kwa upande hata ukawa mkeka. Na mkeka mmoja mzuri humchukua miezi. Nilidhani miaka yote ile kwamba hiyo nayo ni kazi ya nyumbani, moja miongoni mwa nyingi. Nilipomwuliza juzi, alinicheka. "Kupika ni kazi," akasema. "Kufua ni kazi. Huu ukili ni wangu."

Tofauti hiyo ni kubwa, na wanaowahubiria wanawake wajishughulishe husahau kuitia maanani. Mama aliyechota maji, akachanja kuni, akapika, akafua na kulea, hakosi mwendo wa mwili. Anachokosa ni saa moja iliyo milki yake. Kwa hiyo mtu anayetaka mkewe au mama yake awe na moyo mkunjufu asimpe nasaha, ampe wasaa: achukue yeye ndoo, abebe yeye mtoto, na amwache mwenziwe aende zake katika ukili, au kudarizi kofia, au katika kikundi cha taarabu, au alale usingizi akipenda.

Na tazama jinsi wanawake wa pwani walivyoutumia wasaa huo walipoupata. Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude, hakuwa na yakini ya mwaka aliozaliwa, lakini alipotuzwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 alikuwa bibi kizee kwa hesabu yoyote ile, naye aliendelea kuimba na kupiga ngoma hata karibu na kufariki kwake mwezi wa Aprili 2013. Hapana ofisi iliyomstaafisha, kwa sababu hapana ofisi iliyompa sauti ile.

Mke wangu hakupata kuwa na siku ya kustaafu. Nilipokuwa nikigombana na chumvi, yeye alikuwa na ukili wake; na sasa naelewa kwa nini siku zile mbovu zilinikuta mimi zikamkosa yeye, ilhali tuliishi katika nyumba moja.

Saa za karani

Tusidhani, hata hivyo, ya kwamba uraibu ni wa wazee. Mji huu wa Tanga unao ushahidi ulio bora kuliko wangu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akaitumikia hata 1944. Kisha akahamia idara ya wanyama, ofisi ya wilaya ya Tanga, na idara ya upimaji. Vitabu vyake, Kusadikika cha mwaka 1951 miongoni mwao, viliandikwa na mtu aliyekuwa mtumishi mchana, aliyehesabu mizigo na kunakili barua za wakubwa. Majalada aliyoyapanga ofisini hayasomwi na mtu leo. Alichokiandika katika saa zake mwenyewe ndicho kilichobaki, na watoto wa shule wanakisoma. Sisemi kwamba kila mwenye uraibu atakuwa Shaaban Robert, kwani hata mimi naandika na hamjasikia habari zangu. Nasema tu kwamba hakungoja kustaafu. Na lau angalingoja angalikosa, maana alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 53.

Kuna wanaotaka uthibitisho wa kitaalamu kabla ya kukubali kwamba mchezo una faida. Upo kiasi, nao sharti usemwe kwa uangalifu. Mwaka 2003 watafiti wa New York walichapisha habari za watu 469 wa mtaa wa Bronx waliozidi umri wa miaka 75, ambao walifuatiliwa kwa miaka mitano hivi. Waliokuwa wakisoma, wakicheza michezo ya ubao, wakipiga ala za muziki au kucheza dansi walipatwa kwa uchache na maradhi ya kupotewa na akili. Mtu makini atauliza, je, mchezo uliilinda akili, au akili iliyo salama ndiyo iliyopenda mchezo? Swali hilo ni la haki, na watafiti wenyewe waliliuliza. Lakini kwa mtu wa baraza halina uzito mkubwa. Dawa ambayo haigharimu kitu, haina uchungu, nayo huambatana na kahawa na kashata, mtu huweza kuinywa akisubiri wataalamu wamalize mjadala wao.

Kuna pingamizi lingine, lenye haki zaidi: kwamba uraibu ni starehe ya mwenye nacho, na mtu anayehangaika kutafuta unga hana saa ya kupoteza. Najibu kwa unyenyekevu kwamba bao humgharimu tu mtu anayetaka la mninga lenye nakshi. Watoto wa uswahilini kwetu huchimba mashimo mchangani na kuokota kokoto, na mchezo ni ule ule. Kutembea hakuna kiingilio. Bustani ya mchicha hukaa katika gunia. Lakini nakiri pia kwamba uraibu una mipaka, na neno lenyewe, kama nilivyosema, limebeba onyo: mtu aachaye nyumba yake bila ya chakula akakaa barazani tangu asubuhi, au kijana anayeita kamari ya simu kuwa mchezo, huyo hana uraibu, uraibu unaye yeye. Kipimo changu ni chepesi: ukitoka katika shughuli yako na kurudi nyumbani, je, wa nyumbani hufurahi kukuona umerudi?

Panga

Ramadhani iliyopita tulimzika mwenzetu mmoja, mzee aliyekuwa akikaa kwenye ncha ya baraza, mchezaji dhaifu na mtazamaji hodari. Bao halikutolewa nje siku tatu za matanga. Watu walikuja wakakaa, wakanywa kahawa, wakainuka. Wale wanaotufundisha kwamba mtu mwenye moyo wa matumaini hana huzuni hawajakaa katika baraza ya wazee, ambapo kila mwaka nafasi moja hubaki wazi. Na matumaini ya mtu asiyeiona nafasi hiyo ni ghururi tu. Siku ya nne, baada ya sala ya alasiri, mzee wa mkono wa kushoto aliingia ndani peke yake, akaliburura bao kwa mkono mmoja, ubao ukikwaruza sakafu njia nzima, na hapana aliyethubutu kumsaidia. Akaliweka mahali pake. Akamimina kete. Akanitazama, akasema, "Panga."

Nikapanga: sita, mbili, mbili.

Msomaji mpenzi, ikiwa una miaka sitini kama nilivyokuwa mimi, nenda leo; baraza iko karibu na kwako, na utafungwa kwa heshima. Lakini neno langu hasa ni kwa wewe mwenye miaka arubaini, unayesoma gazeti hili mwisho wa juma na Jumatatu utakuwa kazini. Uliza mikono yako itafanya nini siku ambayo hapana atakayeiamuru. Ikiwa haina jibu, itafutie jambo moja, dogo, ulipendalo, ukalifanye pamoja na watu, ukaanze juma hili, ungali unanamua. Usingoje saa ya ukutani.